Penseli, Wadogo Zangu, Penseli

Juzi nimemkuta mdogo wetu mmoja, hata mwezi hajamaliza hapa Ujerumani, anaandika namba za sampuli kwa makapeni juu ya kifuniko cha tyubu ya ethanoli. Nikamnyang'anya. Akanuna. Basi haya ni yake, na yenu mnaofungasha mabegi.

1. Lebo. Mwaka wangu wa kwanza nilisafirisha mbu 312 kutoka Muheza, wengine wa mitego ya taa vyumbani, wengine wa zizini. Mzee aliyenifundisha kutega aliniambia: katakata karatasi, andika kwa penseli, tumbukiza ndani ya tyubu. Nikacheka. Penseli si ya darasa la kwanza? Nikaandika kwa makapeni, mwandiko safi kabisa. Njiani vifuniko vikavuja. Nafungua boksi maabarani: tyubu nyeupe pee, vidole vyangu bluu.

Aibu yenyewe bado. Sikumwambia supavaiza. Nilikisia namba kwa kufuata mpangilio wa boksi, nikang'oa miguu ya mbu wiki sita (mguu mmoja unatosha kwa PCR, kipimo cha kunakili DNA kinachoonyesha mbu ni wa spishi gani), nikajaza jeli baada ya jeli, ambamo DNA huonekana kama mistari, yaani bendi. Mbu wa spishi ya gambiae wakaja na bendi ya urefu wa jozi za besi 390, wa spishi ya arabiensis 315, bendi zimenyooka mpaka nikapiga picha nikamtumia mama. Mama akauliza hiyo ngazi ni ya nini. Kikao cha Jumatatu supavaiza akatazama jedwali, akauliza swali moja: "Mbona wa zizini ndio karibu wote gambiae?" Arabiensis ndiye mpenda ng'ombe, kila mtu mle ndani alijua. Boksi moja lilikuwa limegeuzwa, na mimi nikahesabu kinyumenyume. Nikasema yote. Hakufoka, alifuta safu ya "mahali" kwenye jedwali, akaendelea na mtu wa pili. Bora angefoka.

2. Kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na mkataba wa kuhamisha sampuli: anza kabla hujanunua tiketi.

3. Kontroli ya maji, yaani tyubu yenye maji badala ya DNA, kila PCR. Ikitoa bendi, tupa yote, usianze kujitetea.

4. Ukimwandikia profesa kuomba nafasi, soma kwanza makala yake hata moja. Na tazama picha yake! Rafiki yangu alimwandikia mama wa watu "Dear Sir" mara tatu, kisha analalamika Wazungu hawajibu barua.

Yule mdogo wetu bado amenuna. Ila leo asubuhi penseli yangu haipo mezani.