Pumbu la mtoto limevimba: maswali yenu na majibu yangu

Meseji za wazazi wa watoto wa kiume zimekuwa nyingi wiki hii, na karibu wote mnaandika "huko chini", "sehemu ile", "pale pa siri", mpaka nauliza mara mbili mbili ni wapi hasa. Jamani tuseme pumbu, tuseme korodani. Mtoto akivimba sikio jirani anajua siku hiyo hiyo, akivimba pumbu linafunikwa na khanga miezi sita. Mimi ni nesi, wodi ya upasuaji ya watoto nimekaa miaka mingi, na mwanangu wa pili alifanyiwa oparesheni ya kutoa maji yaliyojaa kwenye pumbu, kwahiyo nimekaa pande zote mbili za mlango wa thieta.

Mwanangu ana miezi minne, pumbu la kulia ni kubwa kuliko la kushoto tangu azaliwe, ukimgusa halii. Mama mkwe anasema ni busha, babu yake alikuwa nalo. Nifanyeje? (Mama, Tanga)

Mdogo wangu pole kwa wasiwasi. Mama mkwe naye usimlaumu, mtu aliyekulia Tanga au Lindi au Mtwara ameona wazee wanaotembea kwa shida na mabusha, anaogopa kitu anachokijua. Ila la babu na la mjukuu ni vitu viwili. La babu mara nyingi linaletwa na vimelea vinavyosambazwa na mbu, vile vile vya matende, na ni miaka na miaka ya kuumwa na mbu mpaka lionekane. Mwanao hajaishi miaka hiyo.

Lake amezaliwa nalo. Mtoto akiwa tumboni korodani zinaanzia juu ndani ya tumbo kisha zinateremka kwenye mfuko kupitia kinjia kidogo pale kwenye kinena, halafu kinjia kinatakiwa kizibe. Kwa watoto wengine kinachelewa kuziba, basi maji ya kawaida ya tumboni yanajipenyeza yanakaa kuzunguka korodani. Hakuna ulichokula ukiwa mjamzito wala ulivyomkalisha kilichosababisha, hilo naomba ulishike maana najua unavyoambiwa hapo nyumbani.

Sasa miezi minne ni mapema sana kwa kisu. Wengi wao yanakauka yenyewe kabla ya mwaka mmoja, wengine yanachelewa hadi karibu miwili. Mpeleke daktari mara moja sasa hivi amguse na ahakikishe ni maji na korodani zote mbili zimo kwenye mfuko, aandike kwenye kadi ya kliniki, halafu mnaangalia kila mkienda kupima uzito. Yakibaki baada ya mwaka mmoja mpaka miwili, au yakizidi kuwa makubwa, ndo mnaongea oparesheni.

Wangu ana miezi saba, alizaliwa njiti. Akilia sana panatokea uvimbe juu kidogo ya pumbu, akilala unapotea. Nilimulika tochi ya simu ukang'aa nikaambiwa basi ni maji, nisubiri. Ni sawa? (Mama, Mwanza)

Mama hapana, wewe usisubiri. Uvimbe wa kwenye kinena unaotokea akilia au akijikamua na kurudi akitulia, hiyo namna yake ni ya ngiri, na njiti wanapata zaidi kuliko waliotimiza miezi. Kinjia ni kile kile nilichomwambia mwenzio wa Tanga ila kwako kiko wazi zaidi, kinapitisha utumbo. Na hiyo tochi isikudanganye, utumbo wa mtoto mchanga ni mwembamba, nao unaweza kung'aa kama maji. Maji yanasubiriwa, ngiri haisubiriwi, ikishajulikana inapangiwa oparesheni mapema. Nenda wiki hii, omba rufaa umwone daktari wa upasuaji wa watoto, huko kwenu hospitali ya Bugando wapo.

Na hili msome wote. Uvimbe ukitoka ukawa mgumu, haurudi, mtoto analia bila kunyamazika, anatapika, ngozi ya pale imebadilika rangi, hiyo ni usiku huo huo hospitali, usingoje kuche, usimpe uji wala dawa ya chango, usiukandekande kuusukuma. Utumbo umebanwa na unaweza kufa ndani ya masaa. Pumbu likivimba ghafla na linauma, nayo ni hospitali saa hiyo hiyo, korodani inaweza kuwa imejisokota, na hapo ukichelewa masaa sita hivi kuiokoa inakuwa ngumu.

Kuna mtu wa duka la dawa anasema anaweza kuyavuta hayo maji kwa sindano, bei nafuu. (Mama, Kigoma)

Usikubali dada. Kinjia kiko wazi, akivuta leo yanajaa tena, na sindano inaweza kuingiza uchafu au kutoboa korodani, na kama kumbe ni ngiri ametoboa utumbo. Chale za wembe za mganga nazo hivyo hivyo, nimeshawapokea watoto walioletwa na usaha juu ya kitu ambacho kilikuwa ni maji tu.

Kijana wetu ana miaka miwili na miezi mitatu, tumepewa tarehe. Mimi ninachoogopa ni nusu kaputi, nasikia watoto wengine hawaamki. Mke wangu hajui naandika hapa. (Baba, Morogoro)

Kaka yangu asante kwa kuandika, akina baba mnaoandika mnahesabika. Mwambie mkeo unaogopa, yeye naye anaogopa hivyo hivyo usiku na kila mmoja anajifanya amelala.

Nusu kaputi siwezi kukwambia haina hatari kabisa, ila kwa mtoto mzima wa afya kwenye oparesheni fupi kama hii hatari yake ni ndogo sana. Kuna mtu kazi yake ni usingizi tu, anakaa kichwani kwa mtoto anaangalia pumzi na mapigo ya moyo mwanzo mpaka mwisho, na una haki ya kumwona kabla na kumuuliza maswali. Akishalala mara nyingi anachomwa sindano ya ganzi chini ya mgongo, ndo maana akiamka maumivu yanakuwa madogo kwa masaa kadhaa, miguu inaweza kuwa mizito kidogo usishtuke. Daktari anachana kidogo kwenye kinena, sio kwenye pumbu, anakitafuta kile kinjia anakitenganisha na mishipa anakifunga na kuyatoa maji. Kazi ya nusu saa mpaka dakika arobaini na tano hivi, nyuzi zinayeyuka zenyewe, na wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kilicho mikononi mwenu ni tumbo kuwa tupu. Kawaida chakula na maziwa ya kopo ni masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4, maji matupu masaa 2, lakini fuateni mlivyoandikiwa na hospitali yenu. Sababu ni kwamba akilala na chakula tumboni kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Wangu mimi tuliandaliwa vizuri kila kitu, asubuhi shangazi yake akamwonea huruma akampa kipande cha mkate nikiwa naoga. Nilikuta makombo shavuni. Ningeweza kunyamaza, nikasema ukweli, tukarudishwa nyumbani tukapangiwa wiki mbili mbele, nililia kwenye daladala lakini nilijua nimefanya sawa. Kwahiyo waambieni wote wanaolala humo ndani, mpaka dada wa kazi. Na akiwa na kikohozi, mafua mazito au homa siku ya siku, semeni, inaahirishwa tu.

Siku yenyewe mmoja wenu aingie naye mpaka wanaporuhusu, na akiamka asikie sauti anayoijua. Huwa wanaamka wanalia na kuzungusha kichwa kama hawamjui mtu, inapita.

Tohara inaweza kufanyika humo humo? (Mama, Kibaha)

Mara nyingi inawezekana, ni usingizi mmoja. Muulize daktari kabla ya tarehe sio mlangoni mwa thieta, maana fomu mnayosaini lazima iandikwe vyote viwili.

Tumefanyiwa siku tano zilizopita na pumbu bado limevimba, tena lina weusi. Wamekosea? Na nambebaje, maana amezoea mgongoni. (Mama, Moshi)

Mama yangu tulia, baada ya oparesheni uvimbe na weusi kidogo ni kawaida na unaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha. Kinachotakiwa kukurudisha hospitali ni homa, usaha, wekundu unaosambaa, damu inayolowesha bandeji, kutapika kusikokoma au masaa mengi bila kukojoa. Dawa ya maumivu ni parasetamo, miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo ya uzito, kila masaa sita, na chupa za dawa ya maji hazifanani nguvu kwahiyo mwambie nesi akuonyeshe kwa bomba la sindano ni alama ipi. Aspirini usimpe mtoto. Mfute na kitambaa, kumtumbukiza kwenye beseni ngoja kidonda kikauke kama wiki hivi, pampasi badili haraka na usiikaze.

Mgongoni na kiunoni huwa tunawaomba mpumzike wiki mbili hivi kwasababu miguu inatanuka na pale panabanwa, mbebe kwa mbele kama ulivyombeba mchanga. Atalia kwa hasira siku mbili tatu, anadai mgongo wake.

Je atazaa huyu? (Bibi, Bagamoyo)

Shikamoo bibi. Maji haya peke yake hayaui uzazi wala nguvu za kiume. Mrija wa mbegu unapita kando kabisa ya kinjia kinachofungwa, ndo maana nasisitiza apasuliwe na daktari aliyezoea watoto, kuuumiza ni nadra kwa mtu anayeijua kazi. Wangu sasa hivi ana miaka tisa, kovu lake lipo pale kwenye mkunjo wa kinena, mpaka ulitafute ndo ulione.