Mwongozo wa zana ya kuumbiza seli: yale ambayo wakala wa akili unde hawezi kuyaona

Mtu anayefanya kazi kwenye lahajedwali hujifunza mengi kwa macho: akibonyeza kitufe cha asilimia na namba ikageuka kuwa kitu asichokitarajia, huligundua hilo papo hapo na kurudi nyuma. Wakala wa akili unde, yaani programu inayotekeleza kazi kwa kuita zana, mara nyingi hana nafasi hiyo, kwa sababu anachopata ni jina la zana, maelezo yake, orodha ya vigezo inavyopokea, na jibu linalorudi baada ya kuiita. Kwa muda ambao nimekuwa nikiandika miongozo ya zana za namna hii, nimefikia msimamo mmoja ninaoushikilia kwa dhati, kwamba kila jambo ambalo jicho lingemwonyesha mtu ni lazima liandikwe kwa maneno.

Jambo la kwanza kuandikwa, tena kabla ya vigezo vyovyote, ni kwamba umbizo hubadilisha mwonekano wa seli na haligusi thamani iliyomo. Sentensi hiyo peke yake haitoshi, kwa hiyo iambatane na mifano inayoonyesha matokeo. Seli yenye 0.15 ikipewa umbizo la asilimia huonyesha 15%, lakini yenye 15 huonyesha 1500%, na wakala aliyeombwa kuipanga safu wima ya viwango vya riba anapaswa kulijua hilo kabla hajaita zana. Tarehe nazo zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa Excel na Google Sheets huzihifadhi kama namba za mfululizo: tarehe 1 Januari 2024 ni 45292, na ni umbizo pekee linaloifanya isomeke kama tarehe. Wakala anayesoma thamani ghafi anaweza kuidhania kuwa kiasi cha fedha. Kwa upande mwingine, tarehe iliyoingizwa kama maandishi haibadiliki hata ukiipa umbizo la yyyy-mm-dd. Zana hurudisha jibu la mafanikio, na seli hubaki vilevile. Hali hii ya pili ndiyo ninayoisisitiza zaidi, kwa kuwa haitoi ujumbe wowote wa kosa. Kama zana inapokea misimbo ya umbizo moja kwa moja, ongeza pia kwamba mm humaanisha mwezi, isipokuwa inapofuata saa au inapotangulia sekunde, ambapo humaanisha dakika.

Baada ya hapo taja jinsi eneo la seli linavyoandikwa. A1:C3 huhesabu kuanzia 1 na hujumuisha ncha zote mbili, ilhali kiolesura cha programu (API) cha Google Sheets huhesabu kuanzia 0 na huiacha nje ncha ya mwisho, hivyo safu mlalo tatu za kwanza huandikwa kwa startRowIndex 0 na endRowIndex 3. Ushauri wangu ni kumpa wakala mtindo wa A1 peke yake na kufanya ubadilishaji ndani ya zana, kwa maana mitindo miwili katika mwongozo mmoja hukaribisha makosa ya safu moja, ambayo ni vigumu kuyabaini.

Suala linalosahauliwa zaidi ni hatima ya sifa ambazo wakala hakuzitaja. Akituma rangi ya mandharinyuma tu, je, herufi nzito na mipaka iliyokuwepo vitabaki? Katika Google Sheets jibu hutegemea orodha ya sehemu zinazosasishwa: ukitaja userEnteredFormat nzima, yaani sehemu inayobeba umbizo lote la seli, huku umetuma rangi pekee, maumbizo mengine ya seli hiyo hufutwa. Wakala hawezi kulikisia hilo. Maelezo ninayoyapendelea husomeka hivi: «Sifa isiyotajwa haibadilishwi. Ili kuondoa sifa, itume ikiwa na thamani null. Zana hii haifuti umbizo lote. Kwa kazi hiyo tumia zana ya kufuta umbizo.» Sentensi hizo ni fupi (null humaanisha thamani tupu), lakini hujibu maswali ambayo wakala angeyatatua kwa kubahatisha.

Rangi hazihitaji maneno mengi. Chagua mtindo mmoja, kama msimbo wa heksadesimali #FFF2CC, na useme wazi kwamba zana haipokei majina ya rangi wala desimali za kati ya 0 na 1.

Kuunganisha seli ningekutenga kabisa na zana hii. Maeneo yenye data yakiunganishwa, thamani inayobaki ni ile ya seli ya juu kushoto, na nyingine hupotea. Kitendo kinachoweza kupoteza data hakistahili kukaa kama kigezo kimoja kati ya vigezo vya fonti na rangi.

Jibu la zana ni sehemu ya mwongozo, na lipewe uzito uleule. Badala ya kurudisha neno la mafanikio tu, litaje eneo lililobadilishwa, idadi ya seli, na zile ambazo umbizo halikuwa na athari kwa kuwa zina maandishi. Liseme pia kama eneo hilo lina umbizo la masharti, yaani lile linalojitokeza seli inapotimiza sharti fulani, kwa sababu rangi ya sharti hufunika ile iliyowekwa moja kwa moja, na wakala angemwarifu mtumiaji kwamba seli ni za njano ilhali zinaonekana nyekundu. Ujumbe wa kosa nao ueleze hatua inayofuata: «Eneo B2:B halina mwisho, taja safu mlalo ya mwisho, kwa mfano B2:B40.»

Maelezo ya zana huingia katika muktadha wa wakala kila anapofanya kazi, kwa hiyo sentensi isiyobadilisha uamuzi wake iondolewe. Ili kuzijua sentensi hizo, mpe wakala mwongozo wako peke yake pamoja na kazi halisi, ikiwemo safu wima yenye tarehe za maandishi, kisha usome vigezo alivyotuma katika kila wito badala ya kutosheka na maelezo yake ya mwisho. Pale anapotuma kigezo kisicho sahihi, tafuta sentensi iliyomruhusu kufanya hivyo, uirekebishe, na urudie kazi ileile.