Watu wa nyuma kwenye filamu za kihistoria huwa wanaongea kweli?

Hapana, wanachezesha midomo tu. Maikrofoni zinatakiwa zinase maneno ya waigizaji wakuu peke yake; kelele za sokoni au za karamu unazozisikia huongezwa baadaye, sauti inapohaririwa. Niliwahi kuwa mmoja wa hao watu wa nyuma katika onyesho la dansi, nguo za karne ya 19 mwilini. Muziki ulipigwa kidogo tushike mdundo, ukazimwa, tukaendelea kuzunguka kimyakimya huku viatu vikikwaruza sakafu. Unajiona kituko kweli! Hata kicheko ni cha bubu: unatikisa mabega, unafungua mdomo, hakitoki kitu.

Ila umati ukitakiwa kushangilia au kupiga mayowe kwa pamoja, hapo sauti halisi inaweza kutakiwa, na mara nyingi hurekodiwa peke yake kamera zikiwa zimezimwa. Na ukipewa hata sentensi moja ya kusema ikasikika, kwa kawaida huhesabiwi tena mtu wa nyuma, na malipo hubadilika. Kwa hiyo usijitungie maneno.