Maneno ya Sala Yanapokataa Kuja

Swali: Mume wangu alifariki mwezi wa nne. Kina mama wa jumuiya huja jioni na hotipoti ya mtori, tunasali pamoja, lakini mimi nikipiga magoti maneno hayanijii. Je, imani yangu imekufa? – Mjane, Moshi.

Jibu: Pole sana, mama. Haijakufa, kwa maana aliyepoteza imani hasumbuliwi na ukimya huo. Soma Zaburi ya 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani, na bado ni sala. Katika 1 Wafalme 19, nabii Eliya alipoketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe, malaika hakumkemea, bali alimwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na kunywa maji ya gudulia, kisha Eliya akalala tena. Basi kula huo mtori, mama, ulale, na hao wenzako wakuombee kwa sasa.