Uliza Mwaka, Usiulize Duka: kwa mgeni anayeanza kupenda sigara za Kuba akiwa Marekani

Swali langu la kwanza katika kundi la mtandaoni la wapenzi wa sigara halikudumu hata dakika kumi. Mtu alikuwa ameweka picha ya boksi la Partagás, sigara za Kuba, lililofunguliwa, sigara zimelala kwa mpangilio, zinang'aa mafuta, nami nikaandika kwa furaha zangu zote: "Jamani, hizi mmenunua wapi?" Likafutwa. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenijibu. Kesho yake mzee mmoja wa siku nyingi akaniandikia pembeni, mimi peke yangu: "Kijana, katika maswali yote umechagua lile moja ambalo hatuulizani. Mengine karibu."

Nilikasirika. Nimelelewa nikiambiwa kuuliza si ujinga, leo naambiwa kuna swali haramu. Miaka imepita, na sasa mimi ndiye ninayewaandikia wageni pembeni. Nimechoka kurudia maneno yaleyale, basi nayaweka hapa yote.

Nikisema sigara, nina maana ya zile kubwa za kusokotwa kwa mkono, jani juu ya jani, si za pakiti. Na aliye chini ya miaka 21 aishie hapa hapa. Tangu Desemba 2019 sheria ya Marekani hairuhusu auziwe tumbaku ya aina yoyote, na sijaona msimamizi wa kundi anayelegeza hapo.

Tuanze na sheria, kwa sababu ukimya wote unatokea huko. Februari 1962 Rais Kennedy alitia saini tangazo la kuzuia biashara na Kuba, likaanza kazi tarehe 7 mwezi huo. Utasimuliwa kisa cha msemaji wake, Pierre Salinger, ambaye miaka mingi baadaye alieleza kwamba rais alimtuma jioni akamtafutie sigara 1,000 za Petit Upmann, akarudi asubuhi na 1,200, ndipo rais akatoa karatasi mezani na kuisaini. Utakisikia kisa hiki ndani ya wiki yako ya kwanza, kisha tena, kisha tena. Cheka kila mara, ni adabu pia.

Kinachowapoteza wageni ni mambo yaliyofuata, maana sheria imekwenda na kurudi. Januari 2015, chini ya Obama, msafiri aliyetoka Kuba kwa safari iliyoruhusiwa aliweza kurudi na tumbaku na pombe za dola 100 kwa matumizi yake. Oktoba 2016 kikomo hicho kikaondolewa kwa mzigo wa begini, mradi ni wa matumizi binafsi. Septemba 2020, chini ya Trump, mlango ukafungwa: sigara ya Kuba haiingii Marekani hata begini mwako, hata moja, hata kama uliinunua nchi nyingine. Ukiwa safarini mahali zinapouzwa kihalali unaweza kununua na kuvuta hukohuko. Kosa linaanza unapozipakia kurudi nazo. Kuagiza kwa posta ndiyo kabisa, hilo halikuruhusiwa hata katika ile miaka ya neema.

Sasa, maandishi ya miaka ile bado yamezagaa kila mahali. Mgeni anasoma ushauri wa 2017, anaona watu wanasema "leta tu, ni halali", anakuja kuuliza bei na duka kana kwamba anauliza viatu. Kabla hujaamini ushauri wowote kuhusu sigara za Kuba, tazama umeandikwa lini. Na kama jambo lenyewe ni la sheria, soma Wizara ya Fedha ya Marekani inavyosema. Mtu mwenye picha ya simba na jina la kubuni si mwanasheria wako.

Hapo utaelewa kwa nini swali la "wapi" linawachoma watu. Unamtaka mwenzako aandike, mbele ya macho asiyoyajua, kwamba amefanya jambo linalokatazwa, na amtaje aliyemsaidia. Hata kama alinunua akiwa Uhispania na kumalizia hukohuko, hana wajibu wa kujieleza kwako. Wewe umeingia jana.

Lakini hiyo ni nusu tu, na naona si nusu kubwa. Kubwa ni walaghai. Kundi likiruhusu kutajana maduka, wauzaji wa bandia wanajaa humo kama nzi kwenye tende. Mmoja anajifanya mgeni na kuuliza, mwingine anajifanya mkongwe na kujibu, wa tatu anashukuru kwamba mzigo umefika salama. Wote watatu huenda ni mtu mmoja mwenye simu tatu. Sheria ya kutotajana inawaziba mdomo hao kabla ya kumziba mwingine yeyote. Ndiyo maana nasema yule mzee hakuninyima kitu, alinikinga.

Na hapa mgeni anisikilize vizuri. Swali lako likishafutwa, kuna uwezekano mtu atakuja pembeni saa hiyohiyo, mpole, mkarimu, anajua unachotaka. "Achana nao hao, wana roho mbaya, mimi nina mtu." Huyo ndiye wa kumwogopa. Mwenye chanzo cha kweli hamgawii mtu asiyemjua, kwa sababu ana cha kupoteza. Anayekimbilia kumsaidia mgeni ndani ya dakika tano kwa kawaida ndiye muuzaji.

Nilimwona jamaa mmoja akiingia mtego huo miezi michache baada yangu. Alilipia boksi zima la Cohiba, jina jingine kubwa la Kuba, likafika likiwa na kifuniko cha kioo, zuri mno, akaliweka hadharani tulipongeze. Kimya. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia, mpaka mmoja akaandika kwa upole kwamba kiwanda hakijawahi kutoa Cohiba za kawaida katika boksi la kifuniko cha kioo. Boksi la namna hiyo ni la watalii na wajinga, samahani kwa neno, ila ndivyo linavyojulikana. Jamaa alifuta picha na hakuonekana tena. Angedai wapi? Ununuzi wenyewe ulikuwa wa kificho, hana pa kushtaki.

Hadithi ya muuzaji nayo haibadiliki. Ana ndugu anayefanya kazi kiwandani, wafanyakazi wanapewa boksi kadhaa kila mwezi, ndiyo sababu bei ni nusu. Watalii wamekuwa wakisimuliwa hivyo mitaani Havana miaka nenda rudi, na imehamia simuni bila kubadilishwa hata nukta.

Kuna jambo jingine linalowaaibisha wageni bila sababu, nalo ni majina. Unaingia duka la tumbaku la Marekani, unakuta Montecristo, Romeo y Julieta, Partagas, H. Upmann, hata Cohiba, zimewekwa waziwazi na bei zake. Si za Kuba hizo. Mwaka 1960 serikali ya Fidel Castro ilitaifisha viwanda vya sigara, na baadhi ya familia zilizokuwa na majina hayo, kama akina Cifuentes na akina Menéndez, zikahama. Majina yakaendelea kuishi maisha mawili, moja Kuba, jingine nje, hasa Jamhuri ya Dominika. Cohiba ina mkasa wake peke yake: Kuba ilianza kuisokota mwaka 1966, lakini kampuni ya Marekani ikalisajili jina hilo nchini mwake, na ugomvi wao umekuwa mikononi mwa mawakili tangu 1997.

Kwa hiyo usije ukanong'ona kuhusu Montecristo uliyoipata dukani kama mtu aliyeficha bangi. Ya Dominika, ya Nicaragua, ya Honduras, hizo taja duka, taja bei, lalamika kuhusu bei, omba msaada wa kutafuta, hakuna atakayekugusa. Ukimya ni wa za Kuba tu. Na kwa mgeni mimi ningeshauri uanzie hizo hizo za halali, mwaka mzima ukiweza. Nicaragua siku hizi wanasokota sigara ambazo zingemnyamazisha mpenzi wa Kuba mwenye kiburi zaidi. Wengi wanaoililia Kuba wanalilia katazo lenyewe, si ladha.

Basi uulize nini? Mengi. Uliza boksi ni la mwaka gani. Chini ya boksi halisi kuna mhuri: herufi za siri za kiwanda, kisha mwezi kwa Kihispania na mwaka. ENE ni Januari, AGO ni Agosti, DIC ni Desemba. Mwenye boksi hupenda sana kuulizwa hilo, kwa sababu linaonyesha unajua pa kutazama. Uliza amezilaza muda gani, kwani sigara changa huwa na harufu kali inayokaribia amonia, na wengine huziacha miaka kadhaa kabla ya kuzigusa. Uliza anatunza kwa unyevu gani. Hapo utaanzisha vita, maana kuna wa asilimia 62, kuna wa 65, na kuna wa 70 wasiotaka kusikia lolote. Mimi ni wa 65. Uliza kuhusu mdudu wa tumbaku, yule mdogo wa kahawia anayetoboa vitundu kama vya sindano, anayeamka joto likipanda, na kwa nini watu huweka sigara kwenye friza kabla ya kuzihifadhi. Maswali ya namna hii ndiyo yanayokufanya ujulikane. Miezi sita ya hayo ni bora kuliko kuomba namba ya mtu siku ya kwanza.

Kuhusu kutambua bandia, unaruhusiwa kuuliza, lakini kwa adabu. Leta picha za lebo ya dhamana iliyobandikwa kwenye boksi, za pete, yaani karatasi inayozunguka sigara, na za chini ya boksi, kisha uulize kama zinaonekana sawa. Usitaje zilikotoka, hata kama unataka kulipiza kisasi kwa aliyekuuzia. Na usipende kumwambia mwenzako bila kuulizwa kwamba alizonazo ni feki. Mwandikie pembeni. Nimeshuhudia urafiki wa miaka ukivunjika kwa sentensi moja iliyoandikwa mbele ya watu mia mbili.

Ukipewa sigara na mtu, ivute au ilaze, mshukuru, basi. Usimwulize bei, wala alikoitoa. Ajabu, kuna watu wanaoshika sheria hii kwa wageni wasiowajua, halafu wanaisahau mbele ya rafiki.

Picha nazo zina mambo. Nimeona mtu akionyesha sigara zake kwa fahari, na nyuma yake, mezani, bahasha ya posta yenye jina na anuani vinasomeka. Kata picha. Stakabadhi, namba ya kufuatilia mzigo, barua ya forodha ya kukamatwa mali, hivyo vyote si vya kuonyeshwa. Na usije kuuliza namna ya kuipita forodha, au kubandua pete ili sigara ionekane ya nchi nyingine. Swali la duka linafutwa tu. Hilo linakutoa kundini, na siwezi kukutetea, kwa sababu hapo hutafuti tena ushauri wa sigara.

Mwisho ni kwa ndugu walioko Kanada, Uingereza au kwingine ambako unaingia dukani na kununua ya Kuba kwa risiti. Onyesheni mlichonacho, tunafurahi nanyi. Ila msimwambie Mmarekani "nikutumie?" mbele ya watu. Mnadhani ni ukarimu, kumbe mmemweka mahali ambapo akikubali ni kosa na akikataa anaonekana mwoga, na msimamizi lazima aje na ufagio.