Maswali Yenu: Kura ya Rais ni Mali Kauli

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mi nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, nina watoto watatu. Kila uchaguzi wa rais ukikaribia nyumbani kwetu ni ugomvi mtupu. Kaka yangu mkubwa ana mgombea wake, anasema tumuunge mkono kwa sababu tunasali naye dini moja. Wifi yangu ni wa chama kingine, kadi anayo na khanga kapewa. Baba anasema tumpe yule tuliyemzoea nchi isije ikayumba. Mimi wakiniuliza unamtaka nani na kwa nini, jina ninalo moyoni ila sababu ya kuisema mbele za watu sina, nabaki "nampenda tu". Kaka akacheka akasema wanawake mnapiga kura kwa macho. Iliniuma sana Mwalimu, sikula siku ile. Hivi sababu ya kumuunga mkono mgombea urais inatakiwa iweje? Na kumpenda tu siyo sababu? – Mama wa dagaa, Kibirizi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Kaka yako alikukosea, tena alikukosea mara mbili, maana hata yeye sababu yake ni "nampenda tu" hiyohiyo, ameivika dini basi.

Sasa ngoja nikuulize kitu cha kazi yako. Akija mchuuzi anataka magunia matatu ya dagaa mali kauli, hela atatuma akishauza Dar, wewe unampa kwa sababu mnasali pamoja? Mimi nilikaa hapo Kibirizi asubuhi moja namsubiri mtu, nikamwona mama mmoja kachuchumaa anageuza dagaa kwenye chanja, magamba yamemganda mpaka kwenye viwiko yanameta, mteja kasimama juu yake anaomba mali kauli. Yule mama hata kichwa hakuinua. Akauliza unauzia soko gani, unarudi lini, yule wa mwezi uliopita ulimlipa siku gani, na usipotuma nimwone nani. Mteja akajibu ya kwanza vizuri, ya pili vizuri, ya tatu akaanza kueleza habari za gari kuharibika njiani, ya nne akababaika kabisa. Yule mama akaendelea kugeuza dagaa wake. Hakumpa. Mimi nimefundisha uraia darasani miaka mingi na sijawahi kueleza uchaguzi vizuri kama alivyoueleza yule mama bila kujua anaeleza uchaguzi.

Kura ya rais ni mali kauli ya miaka mitano, mwanangu. Unatoa leo, unalipwa maneno, mzigo ukishaondoka umeondoka. Kwa hiyo kwangu mimi sababu ya kumuunga mkono mtu ni ile ambayo ukifika mwaka wa tatu unaweza kumdai nayo. Ukimpa kwa sababu ya dini utamdai nini, asali zaidi? Ukimpa kwa sababu ni wa kanda yenu utamdai nini, azidi kuwa wa kwenu? Lakini ukimpa kwa sababu alisimama akasema mtoto hatalipa ada, hilo unalo, unaweza kwenda nalo shuleni Februari ukamwonyesha mtu. Na mfano huo ni wa kweli. Kampeni za 2015 Magufuli aliahidi elimu bila ada mpaka kidato cha nne, Januari 2016 ikaanza. Wazazi waliompa kwa sababu ile walijua siku ya kuangalia kama deni limelipwa, na walijua pia wakiona michango mingine inarudi kwa mlango wa nyuma wahoji kwa maneno yaleyale aliyosema yeye.

Lakini ili umdai mtu lazima ujue anachouza. Hapa ndo wengi tunapotea, tunamdai rais choo cha soko. Choo cha soko, ushuru wa hapo mwaloni, ile mikopo ya asilimia kumi ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, hayo yanaanzia halmashauri, mbane diwani wako, na ndo maana siku ya uchaguzi unapewa karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, si lazima zote ziende upande mmoja. Watu wa Kigoma mnalijua hili zamani, 1995 Kigoma Mjini mlimpeleka Kabourou bungeni kwa CHADEMA wakati CHADEMA yenyewe haikuwa hata na mgombea urais mwaka ule.

Ya rais ni mengine. Anateua mawaziri, anateua mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, anateua majaji, ndiye amiri jeshi mkuu, na ndiye anayeibeba nchi mkikaa na majirani. Wewe hili la majirani limekugusa mfukoni. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, miezi mitatu samaki wapumzike wazaliane, hayakuwa maamuzi ya diwani wala ya mbunge, ni makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Kipe, chombo cha kuvulia dagaa, kimepandishwa mchangani, taa zimefungiwa ndani, na wewe chanja zako tupu na watoto wanakula. Mimi siko kinyume na kulipumzisha ziwa, dagaa wakiisha hata wewe umeisha, ila mgombea urais akija Kigoma ningetamani mumuulize hivi: ziwa likifungwa tena, mama anayeanika atakula nini hiyo miezi mitatu, na wa ng'ambo ya ziwa nao watafunga kweli au tutafunga peke yetu? Akijibu vizuri, hiyo ni sababu. Tena ni sababu ambayo kaka yako hana.

Au kumbuka vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya Desemba 2018, vya 20,000 kwa mwenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka. Lile lilikuwa neno la rais, likafika mpaka kwa muuza karanga wa stendi. Kuna waliolisifu, kuna waliolalamika kwamba ile elfu ishirini kwa mtu wa beseni moja ni kubwa. Wote wawili walikuwa na sababu ya kuongea, na wote walikuwa wanaongelea kitu kinachoshikika.

Sasa nirudi kwa watu wako wa nyumbani maana sitaki uwabeze. Baba yako kusema "tuliyemzoea" ana jambo, ni lile swali la tatu la yule mama, wa mwezi uliopita ulimlipa lini. Mtu aliyewahi kushika kazi ana rekodi, isome. Ila mwambie baba kuzoea peke yake hakutoshi, hata mdeni sugu tunamzoea. Na kuna swali la wazee ambalo mimi nalipenda, huyu akiingia atamalizia alichokikuta? Nimeishi Tabora enzi zile maji ya bwawa la Igombe yanakuja kwa zamu, unaamka saa tisa usiku kukinga ndoo. Mabomba ya Ziwa Victoria yalifika Kahama na Shinyanga kwanza, ndipo baadaye yakaja Nzega, Igunga na Tabora Mjini. Kazi kama ile inampita rais mmoja, na mtu anayetaka kila kitu kianze na jina lake huwa anaacha mitaro wazi.

Wifi naye usimcheke kwa kadi. Katiba yetu hairuhusu mtu kugombea urais bila kupendekezwa na chama, kwa hiyo chama kimo ndani ya mgombea utake usitake, na chama kina ilani, kitabu kabisa, mwambie wifi akufungulie ukurasa wa uvuvi akusomee. Akishindwa kuufungua basi mpe muda. Ila la khanga hapana, hapo nasema wazi. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ipo tangu 2010 na kumpa mpiga kura kitu ili akuchague ni kosa, na hata sheria isingekuwepo, doti moja ya khanga kwa miaka mitano ni bei ya kukutukana.

Na kuna kitu kimoja watu hawakiangalii kabisa, mgombea mwenza. Kwenye karatasi wako wawili, mmoja akitoka Bara mwingine Zanzibar. Sisi wote tuliona 17 Machi 2021 Rais Magufuli alipofariki, 19 Machi makamu wake akaapishwa, hakuna uchaguzi mwingine uliofanyika, Mama Samia akamalizia muhula kama Katiba inavyosema. Ni wangapi kati yetu 2015 na 2020 tuliuliza huyu wa pili anaamini nini? Mimi mwenyewe sikuuliza, na nilikuwa mwalimu wa uraia. Tangu siku ile ndo swali langu la kwanza.

Kuhusu kumpenda tu. Siyo dhambi mwanangu. Moyo huwa umeona kitu mdomo haujakipatia jina. Labda alivyomjibu mama aliyemuuliza swali gumu, hakumkatisha. Labda alikubali kosa mbele ya watu. Kaa chini siku za mwezi mkali ambazo wavuvi hawaendi ziwani, ujiulize nilimpenda lini, alikuwa anasema nini muda ule. Ukikipata hicho kitu kiandike hata nyuma ya daftari la mtoto, kisha angalia kama unaweza kumdai nacho. Kama hakidaiki, basi unampenda mtu ila bado hujapata rais.

Tena usione aibu kwamba kwenu hamna mazoea ya kutoa sababu, wengi tuko hivyo na ina asili yake. Kuanzia 1965 mpaka 1990 karatasi ya rais ilikuwa na jina moja, unapiga ndiyo au hapana. Kwenye ubunge ndiko kulikuwa na watu wawili, wa jembe na wa nyumba, huko watu walibishana kwelikweli, huyu kajenga zahanati, huyu hajaonekana tangu achaguliwe. Kwa rais hatukufundishwa kubishana kwa hoja. Mama yangu alipiga kura zile zote na sikumbuki hata siku moja mtu kumuuliza kwa nini. Mwanao akikuuliza wewe, mjibu.

SWALI: Mwangaluka Mwalimu! Niko Ng'ambo hapa Tabora, naendesha bodaboda. Sababu zangu ninazo, za ajira na mafuta, na mgombea ninayemkubali yupo ila ni wa chama kidogo, kila mtu kijiweni anasema hawezi kushinda hata afanyeje, nisipoteze kura nimpe anayeshinda au nilale. Nifanyeje? – Kijana wa Ng'ambo

JIBU: Mwangaluka kijana wangu. Kwanza hesabu ujue. 1995 ilitakiwa mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura, Katiba ikabadilishwa 2000, sasa anayewazidi wengine ndo rais, hakuna duru ya pili. Kwa hiyo wenzako wakisema kura ya mgombea mdogo haina mahali pa kurudia wanasema kweli, na kama kati ya wakubwa wawili kuna mmoja unamwogopa sana, kumpa yule mwingine ni sababu halali kabisa, nisikudanganye. Ila iwe ni sababu yako umeipima, isiwe kufuata kelele za kijiwe. "Anashinda" siyo kitu cha kumdai mtu, atakwambia nilishinda, tumemalizana.

Na uko Tabora, mji wenyewe una jibu lako. Januari 1958 TANU walikutana hapohapo Tabora kubishana waingie au wasiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na kupiga kura kwenyewe kulikuwa na masharti, kama kipato cha pauni 150 kwa mwaka, Mwafrika gani wa kawaida alikuwa nazo? Wengi ukumbini waliona ni dharau. Nyerere akawashawishi waingie, wakaingia, wakashinda. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake, na 1962 akasimama na Nyerere kugombea urais. Alipata kura 21,276, Nyerere 1,127,978. Kila mtu alijua atashindwa. Ila wale elfu ishirini na moja walitoka nyumbani kwao wakasema sisi hatukubaliani, na idadi yao imeandikwa mpaka leo mimi nakutajia. Wangelala nisingekuwa na cha kukutajia.

Mimi ningekuwa wewe ningempa ninayemkubali. Siku hiyo paki pikipiki asubuhi kabla abiria hawajaanza kukuita, na kadi yako iangalie leo kama iko mahali unapojua, maana najua vijana mnaziweka chini ya siti zinalowa.

SWALI: Mume wangu anataka tukitoka kituoni nimwambie nimempigia nani. Nisipomwambia anasema namficha. – Ujiji

JIBU: Kura ni siri mwanangu, hata kwa mume. Mwambie sababu zako kabla ya uchaguzi, mbishane usiku kucha mkipenda, hilo ni zuri. Jina ulilotia alama ni lako. Akiendelea kukulazimisha niandikie tena, nitakujibu mbele ya wengine.