Wembe wa kale wenye nakshi: toa kutu, picha ibaki

Ukifungua sanduku la mzee huko Tukuyu, Njombe au Iringa ukakuta wembe wa kukunja, usikimbilie kuusugua. Upeleke kwenye mwanga wa dirisha, utazame shingo ya chuma, pale panapokaribia mpini. Ukisoma Solingen, umetoka Ujerumani. Ukisoma Sheffield, umetoka Uingereza. Neno Germany au England likiwepo, kwa kawaida wembe huo si wa kabla ya 1891, mwaka ambao Marekani ilianza kudai kila bidhaa inayoingia kwake iandikwe nchi ilikotengenezwa, na viwanda vikazoea hivyo.

Kisha tazama bapa. Nyembe zilizogharimiwa zina meli, tai, majani, au jina la kiwanda kwa herufi za dhahabu. Hapa ndipo nyembe nyingi huharibiwa. Mtu anachukua majivu na limao, kama anavyosafisha visu vya jikoni, na baada ya nusu saa chuma kinang'aa, dhahabu imekwisha na mistari imebaki kivuli. Sehemu kubwa ya picha hizo zilichorwa kwa asidi: chuma kilipakwa kinga, asidi ikala palipoachwa wazi, kwa kina kidogo mno. Dhahabu iliyopakwa juu ni nyembamba kuliko kutu yenyewe. Siki nayo ni adui, maana haichagui kati ya kutu na chuma, na huacha rangi ya kijivu ambayo haifutiki bila kula nakshi. Jiki usiifikirie kabisa.

Azima lenzi ya fundi saa au ya sonara. Mistari isiyo laini ndani, yenye kina kimoja kote, ni kazi ya asidi. Mistari inayoanza nyembamba, ikanenepa na kuchongoka tena ni ya mkono wenye patasi, nayo huvumilia zaidi. Angalia pia makali kwa nyufa. Ufa ukiwa kwenye makali, usiunoe wembe huo kwa kunyolea: usafishe, uuhifadhi kama kumbukumbu.

Kuosha ni kwa maji ya vuguvugu yenye matone mawili ya sabuni ya vyombo, na mswaki laini wa mtoto. Futa papo hapo, kisha pitisha spiriti ili ifukuze maji yaliyojificha kwenye pini inayoshika wembe na mpini. Juu ya dhahabu usitumie mswaki. Gusa kwa pamba iliyolowa, bila kukandamiza, na pamba ikionyesha rangi ya manjano, acha.

Kutu huondolewa kwa subira. Paka mafuta ya cherehani kwenye bapa lote, funga kwa kitambaa kilicholowa mafuta hayohayo, acha saa 24. Mafuta ya taa hupenya haraka zaidi, ila yafutwe yote baadaye kwa sababu hayalindi chuma. Halafu chukua kipande cha mwanzi mkavu, ambao nchi ya ulanzi, pombe ya mwanzi, haikosi, ukichonge ncha bapa kama ya patasi. Mwanzi ni mgumu kuliko kutu iliyolainika na ni laini kuliko chuma, kwa hiyo unakwangua kutu bila kuacha mkwaruzo. Kwangua kidogo, futa, paka mafuta tena, acha mpaka kesho. Siku tatu au nne za namna hii hufanya kazi ambayo waya wa kusugulia sufuria ungeiharibu kwa dakika moja.

Kutu nyekundu hutoka. Nyeusi iliyoshikamana na chuma iache ilipo, haili tena ikiwa kavu na yenye mafuta, na chini yake kuna vishimo ambavyo ukivifuata utaimaliza picha. Pale kutu ilipoinua dhahabu kwa chini, hakuna ufundi wa kuitenganisha: ukitoa kutu, dhahabu inakwenda nayo. Tone la mafuta linatosha hapo.

Sehemu isiyo na picha unaweza kuipiga msasa wa maji, ukianza na namba 1000, kisha 1500, kisha 2000. Namba 600 ni kwa kutu nene tu, na kila namba ifute mikwaruzo ya iliyotangulia. Zungushia msasa kwenye kizibo cha chupa, tia mafuta, uende kwa urefu wa wembe, mgongo ukiwa umeegemea ubao ili mkono usiteleze kwenye makali. Acha pambizo ya milimita 3 kuizunguka nakshi. Usiifunike dhahabu kwa tepu ya karatasi, maana ukiibandua hubanduka nayo. Brasso ni msasa wa maji maji, haifai kwenye dhahabu hata tone.

Mashine ya kung'arishia kwenye karakana tunaikataa kabisa. Makali ya wembe ni membamba, yanapata moto kwa sekunde chache. Chuma kikigeuka rangi ya majani makavu, joto limepita nyuzi 200. Kikifika bluu, ni karibu na 300, na ugumu wake umekwisha. Hakuna kinoo kitakachoyarudisha makali hayo.

Mpini una mambo yake. Seluloidi, plastiki ya zamani, hutambulika ukiisugua kwa kitambaa mpaka ipate joto, ikanuka kafuri. Usiijaribu kwa kiberiti, inawaka kwa nguvu. Ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi, na utaona kutu imejipanga kwa umbo la mpini pale wembe unapolala. Tenganisha wembe na mpini siku hiyohiyo. Kata kichwa cha pini kwa tupa, ukiwa umezungushia bati jembamba lenye tundu ili tupa isiukwaruze mpini, kisha sukuma pini itoke. Pini mpya ni kipande cha waya wa shaba nyeupe au njano wa milimita 1.6, unaopatikana hata kwenye fimbo za kuchomelea. Acha ibaki kama milimita 1 kila upande, uponde kwa nyundo ndogo kwa mapigo mepesi mengi. Ukipiga kwa nguvu, mpini hupasuka.

Mpini mweupe wenye mistari inayopishana kama wavu ni pembe ya ndovu. Seluloidi ya kuiga ina mistari iliyonyooka sambamba. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya 2009 inataka kibali cha kumiliki nyara, yaani sehemu za wanyamapori kama pembe hiyo, hivyo waulize maofisa wa wanyamapori kabla hujauza wala kuusafirisha.

Kunoa: mgongo na makali viguse kinoo kwa pamoja, kwani mgongo ndio unaopima pembe. Kinoo cha 1000 ni kwa makali yaliyopotea tu, kisha 4000, kisha 8000, halafu mapitio 50 kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Ikiwa mgongo una nakshi isiyo na dhahabu, bandika tepu ya umeme safu moja, ubandue polepole baada ya kulainisha gundi kwa mafuta ya taa. Mgongo wenye dhahabu usipelekwe kwenye kinoo. Na wembe wa namna hii uwe wa mtu mmoja. Saluni ina watu wengi na damu ya mmoja isimfikie mwingine.

Baada ya hapo tatizo ni hali ya hewa. Tukuyu inapata mvua kwa sehemu kubwa ya mwaka, na asubuhi ya Juni huko Makete wembe baridi ukiingizwa chumba chenye moto hutoa jasho. Upashe kidogo kwa kitambaa kabla ya kuufungua, na usiuhifadhi kwenye ala ya ngozi wala karatasi ngumu, kwani vyote hushika unyevu. Kopo lenye mfuniko mzuri, vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu, vikaushwe juani kila baada ya miezi miwili, na tabaka jembamba la mafuta ya cherehani kila mwezi. Mafuta ya kupikia hapana: hugeuka gundi, na kuitoa juu ya dhahabu ni kazi nyingine ya siku tatu.